Mfinyanzi na Kinamasi

Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, kilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kukanyaga matope asizame. Mwaka huohuo Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, yalifungua milango. Maji na mafunjo yakapata askari, kazi za mikono zikapata kabati. Mgawanyo huo unapotosha, kwa sababu ufinyanzi wa magharibi mwa Kenya ni mwana wa kinamasi, na anayeusifu hana budi kukitetea kilichouzaa.

Tazama chungu cha busaa ambacho wazee wa Kibukusu hukizunguka na mirija yao mirefu. Mfinyanzi, kwa kawaida mwanamke, hukifinyanga bila gurudumu: huukanda udongo, huusokota, kisha huupandisha duara juu ya duara, vidole vikipima unene ambao jicho halioni. Hukianika kivulini, maana unyevu ukibaki ndani, moto utakipasua. Watakaosema hicho ni chombo tu, si sanaa, waangalie matope yanavyotumika Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kuanzia Bokoli hadi mlimani Elgon. Kijana anayekwenda kutahiriwa hupakwa matope mtoni, kisha husimama mbele ya umati bila kupepesa jicho. Kwa dakika hizo yeye mwenyewe ni sanamu. Jamii hiyo haikuhitaji jiwe ili kujua umbo na maana yake.

Ipo hoja nzito zaidi, kwamba kuchimba udongo huharibu kinamasi. Ni kweli penye tanuri za matofali, na ndani ya mbuga marufuku ni ya haki. Lakini mfinyanzi hujitwika karai moja, na kinamasi kikikauka riziki yake imekwisha. Anayechimba mitaro ili apande mahindi, au anayekizungushia mikaratusi, hana hasara hiyo. Wengine watasema ndoo ya plastiki ni nafuu na haivunjiki. Sawa, ila mtungi hutoa jasho kupitia vitundu vyake, maji yakapoa bila umeme. Basi serikali za Bungoma na Trans Nzoia zikitaka kupamba kingo za maji kwa sanamu za wenyeji, zianze kwa kumlipa mfinyanzi ipasavyo, na kumketisha kikaoni panapoamuliwa kinamasi kipi kilimwe na kipi kiachwe.