Kuota Moto Johannesburg: Raha Ndogo za Nyumbani na Kalamu Zilizozikumbuka



Kiswahili kina neno ambalo wengi wetu ughaibuni tumelifungia sandukuni: kipupwe. Ni majira ya ubaridi ya pwani yetu, Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma na wazee wa Unguja na Mombasa wanajifunika shuka alfajiri. Aliye London au Toronto hana pa kulitumia neno hilo, maana Julai kwake ni joto, na baridi yake ya Januari inaangukia kaskazi ya kwetu. Aliye Johannesburg ana bahati. Kipupwe chake na kipupwe cha nyumbani ni kimoja kwa kalenda.

Tofauti iko kwenye ukali. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimo hukaribia sifuri. Mvua hainyeshi, kwa kuwa mvua za huko ni za miezi ya joto. Mchana mbingu ni buluu bila wingu, nyasi zimekauka rangi ya mkate, na jua lina nguvu ya kumtoa mtu ndani. Theluji ni nadra kiasi kwamba watu huihesabu: ilianguka Agosti 2012, ikaanguka tena Julai 2023. Nyumba nyingi zimejengwa kama kwamba baridi haipo, hazina mitambo ya kupasha joto, na saa sita mchana sebuleni kuna baridi kuliko uani. Kwa hiyo watu hubeba viti wakakaa ukutani kuota jua, wakimenya machenza, maana kipupwe ndio msimu wa machenza. Jioni hurudi jikoni kuota moto. Sufuria ya makande imekaa jikoni tangu mchana, kuna magwinya, ambayo ni ndugu wa maandazi yetu, na kuna mablanketi mazito yenye picha za simba na tausi.

Haya ni mambo madogo. Swali langu katika makala haya ni la uhakiki: je, mambo madogo ya namna hii yana nafasi gani katika fasihi ya mji ule? Na kwa nini sisi tuliofundishwa kuhakiki kwa kusaka "ujumbe" na "dhamira" tunayapita kama kwamba ni mapambo ya mandhari tu?

Tuanze na moto wenyewe. Mtu akitaja moto na Soweto katika sentensi moja, akili ya msomaji hukimbilia tarehe 16 Juni 1976, siku wanafunzi walipoandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaana na polisi wakawapiga risasi. Siku ile ilikuwa ya kipupwe. Tangu hapo moto wa fasihi ya Afrika Kusini ukawa moto wa matairi na majengo yanayoungua. Hakuna wa kulaumu: watu walikuwa wanakufa, na mwandishi hawezi kugeuza uso. Lakini katika nyumba zile zile, jioni ile ile, kulikuwa na moto mwingine ndani ya jiko la chuma la makaa ya mawe, na watoto walikuwa wameuzunguka. Moto huo haukupata waandishi wengi.

Aliyelisema jambo hili wazi ni Njabulo Ndebele. Alizaliwa mwaka 1948 Johannesburg, akakulia Charterston, kitongoji cha Waafrika katika mji mdogo wa Nigel, mashariki ya Johannesburg. Mwaka 1983 Ravan Press ya Johannesburg ilichapa hadithi zake tano katika kitabu Fools and Other Stories, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma. Mwaka huo huo wa 1984, mjini London, alitoa mhadhara ambao baadaye ulichapwa kama insha, The Rediscovery of the Ordinary. Hoja yake kwa ufupi ni hii: ukandamizaji wa Afrika Kusini ulikuwa mkubwa na wa wazi kiasi kwamba waandishi waliona kazi yao ni kuuonyesha tu, kama watu wanaoonyesha tamasha. Mzungu mkatili yuko hapa, Mwafrika anayeteswa yuko pale, na msomaji anatikisa kichwa. Katika uandishi wa namna hiyo hakuna anayefikiri, hakuna anayebadilika, na maisha ambayo watu wanaishi kila siku yanatoweka. Yeye akataka turudi kwenye mambo ya kawaida.

Waliompinga walisema kwamba kuandika jikoni na sebule wakati nchi inaungua ni anasa. Ni pingamizi la haki, na halijibiwi kwa kusema kwamba sanaa haina siasa. Jibu liko kwenye sheria za nchi yenyewe. Kwa kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini, kama kilivyokazwa mwaka 1952, Mwafrika asiye na haki maalumu hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Mume aliyefanya kazi mgodini alilala hosteli ya wanaume watupu. Mke alibaki kijijini. Watoto walilelewa na bibi. Mwanamke aliyepata kazi ya nyumbani aliwasha hita katika nyumba ya mwajiri, akawavika soksi watoto wa mwajiri, huku wake mwenyewe wako mbali. Polisi waligonga milango usiku kusaka pasi. Mfumo huu wa pasi ulifutwa mwaka 1986 tu. Sasa weka mbele yako baba, mama na watoto watatu wamekaa kuzunguka jiko usiku wa Julai, wakila makande. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo picha ambayo serikali ilijitahidi isiwepo. Raha ile ndogo ilikuwa imenyang'anywa, na waliokuwa nayo waliishika kwa kucha. Mwandishi anayeiandika kwa uangalifu anatoa ushahidi wa kile hasa kilichokuwa kinagombaniwa.

Ndebele mwenyewe hakuifanya nyumba kuwa pepo. Katika hadithi iitwayo The Music of the Violin, mtoto Vukani ana wazazi wenye kisomo na sebule yenye fanicha za kisasa. Mama anawatembeza wageni macho kwenye vitu vyake kama mwenye duka. Vukani anafundishwa fidla, na anapaswa kutoka mbele ya wageni akaipige. Dada yake Teboho, msomi wa chuo kikuu, anagombana na mama juu ya maisha haya ya kuiga. Hatimaye Vukani anakataa kupiga. Hadithi inatuonya kwamba chai, keki na zulia havitoshi kufanya nyumba kuwa na joto. Pale sebule inapokuwa jukwaa na mtoto anapokuwa sehemu ya maonyesho, lile tamasha ambalo Ndebele alilikataa barabarani limeingia ndani kwa mlango wa mbele. Wengi wetu tuliolea watoto ughaibuni, tukawaita waje wawasomee wageni sura au shairi la Kiswahili, tunaielewa hadithi hii kwa uchungu kidogo.

Katika Uncle, hadithi nyingine ya kitabu hicho, anakuja nyumbani kaka wa mama na tarumbeta yake. Kiingereza kinamwita kwa neno linalomfaa pia kaka wa baba, hata jirani. Lakini yeye humwita mtoto "mshana", na hapo Mzulu na Mswahili wanaelewana bila mkalimani: huyu ni mjomba na mpwa wake. Utani wote, uhuru wote wa mtoto kwa mtu huyu, umo katika neno hilo. Mtu akiitafsiri hadithi hii kwa Kiswahili, atairudishia kitu ambacho Kiingereza hakikuweza kukibeba.

Mfano ulio mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Chris van Wyk, aliyezaliwa mwaka 1957 na kufariki mwaka 2014. Alikulia Riverlea, kitongoji walichopangiwa watu walioitwa Machotara, kandokando ya matuta ya mchanga wa migodi ya dhahabu, ambako pepo za Agosti hupeperusha vumbi la manjano hadi kwenye sufuria. Ujanani alijulikana kwa shairi In Detention, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1979. Shairi hilo linachukua visingizio vya polisi kuhusu wafungwa waliokufa mikononi mwao, linavirudia na kuvichanganya hadi uongo unajianika wenyewe. Ni shairi kali, na linastahili sifa zake.

Miaka 25 baadaye, mwaka 2004, mtu huyo huyo alitoa kumbukumbu za utoto wake, Shirley, Goodness & Mercy. Kichwa cha kitabu kinatoka kwenye Zaburi ya 23: neno la Kiingereza lenye maana ya "hakika" lilimfikia mtoto masikioni kama jina la mama yake, Shirley, kwa hiyo akaamini kwamba Biblia inamtaja mama yake. Utani huo ndio kitabu kizima. Ndani yake mna nyumba ndogo iliyojaa watu, mna mama, baba, bibi, mashangazi na majirani, mna mazungumzo ya watu wazima ambayo mtoto anayadaka, na mna mapenzi ya kusoma. Ubaguzi wa rangi haukufichwa. Uko pale, kama vumbi la mgodi. Lakini hauruhusiwi kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Wapo wanaosoma safari hii, kutoka shairi la mahabusu hadi kumbukumbu za mama, kama kupoa kwa mwanamapambano. Mimi nasoma kinyume. Shairi lilituambia jinsi mtu anavyouawa. Kitabu kinatuambia aliyeuawa alikuwa nani, alitoka katika nyumba ya namna gani, na nani alimfunika blanketi alipokuwa mdogo. Bila cha pili, cha kwanza kinabaki orodha ya maiti.

Hata hivyo, nina lawama moja kwa uandishi huu wote wa nyumbani. Mara nyingi unatazama kwa macho ya mtoto, na mtoto hukuta moto umeshawaka. Nani aliuwasha? Jiko la makaa ya mawe haliwaki kwa mapenzi. Mtu aliamka kabla ya adhana, akazoa majivu, akapasua kuni, akapuliza, akavuta moshi. Vitongoji vya Johannesburg vilifunikwa na moshi huo kila kipupwe. Katika miaka ya 2000 serikali iliendesha kampeni iliyoitwa Basa njengo Magogo, yaani "washa moto kama bibi": makaa yanawekwa chini, karatasi na kuni juu, moto unawashiwa juu, na moshi wa makaa unaungua unapopita kwenye miali. Jina lenyewe lilikiri kwamba mwenye elimu ile ni bibi. Na kuna imbawula, lile kopo la bati lililotobolewa matundu, ambalo Malawi na Zambia huliita mbaula. Likiwa nje ni baraza. Likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, hewa yake isiyo na rangi wala harufu inaua familia nzima usingizini, na vifo hivyo vimekuwa vikitokea kipupwe baada ya kipupwe. Mgao wa umeme uliokithiri mwaka 2023 uliwarudisha hata wenye hita kwenye mkaa na gesi. Fasihi inayosifu joto bila kutaja gharama yake, na mlipaji wa gharama hiyo, imefanya nusu ya kazi.

Na sisi? Johannesburg ina Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wengi, na mtaa wa Rockey pale Yeoville mtu husikia Kiswahili bila kukitafuta. Tarehe 11 Mei 2008, kipupwe kikibisha hodi, ghasia dhidi ya wageni zilianza Alexandra zikaenea. Watu 62 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Maelfu walilala kwenye mahema katika miezi ile ya baridi. Yaliyoandikwa juu yao ni mengi, na karibu yote ni ya tamasha lile lile alilolisema Ndebele: panga, moto, mkimbizi analia. Chumba walichofukuzwa, sufuria iliyoachwa jikoni, nani alikuwa anasuka nywele za nani jioni ile, hayo hatukuyasoma.

Abdulrazak Gurnah ametuonyesha njia kwa upande wa Uingereza. Katika By the Sea, riwaya ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege mwezi wa Novemba, na ofisa anamnyang'anya kijaluba cha udi. Ni kitu kidogo cha nyumbani, na ndicho kinachouma. Baadaye wanaume wawili wa Unguja wanakaa ndani ya fleti ndogo na kusimuliana. Hakuna kingine kinachotokea, na hakihitajiki.

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kwa mambo mawili: tunaota moto, na tunaota ndoto. Barua zetu za ughaibuni zimejaa ndoto za kurudi, na shida za vibali na kodi ya nyumba. Ningependa kusoma pia juu ya moto. Aliye Johannesburg atuandikie chumba chake cha Julai kilivyo: nani anawasha, nani anamenya chenza, watoto wanasema Kizulu au Kiswahili wakigombea blanketi, na mlango unafungwa kwa komeo gani. Asituambie kwamba ni mambo ya kawaida. Tunajua.