Nani Aliyeuletea Mji Maafa? Edipode na Mchezo wa Uhusika katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Tangu S. S. Mushi alipoifasiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode (1971), msomaji wa Kiswahili amekutana na mfalme wa Thebes kama mhusika wa kitabuni, na maswali yanayoulizwa juu yake yamekuwa yale ya kitabuni: hadhi ya shujaa wa tanzia, dosari yake, na nafasi ya majaaliwa katika anguko lake. Maswali hayo yana faida. Hata hivyo yamejengwa juu ya dhana kwamba pana mtunzi aliyekwisha kuandika, mwigizaji anayekariri, na hadhira iliyoketi ikitazama. Makala haya yanaichunguza hekaya hiyo mahali ambapo nguzo zote tatu zimeondolewa, yaani katika upangaji wa mchezo wa uhusika utakaochezwa na vijana wa Kwale, mathalan wanafunzi wa Ukunda au Msambweni.

Kwa mchezo wa uhusika inakusudiwa hapa aina ya sanaa iliyoshika mizizi Marekani na Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980, kisha ikapewa nadharia na watu wa Skandinavia, hususan baada ya mikutano ya Knutepunkt iliyoanza Oslo mwaka 1997. Kila mshiriki huvaa nafsi ya mhusika mmoja kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa. Hula, hutembea, hubishana na kufanya mapatano kwa nafsi hiyo. Hakuna mazungumzo yaliyoandikwa, wala hakuna anayetazama pasi na kushiriki. Mpangaji hutunga hali na kanuni. Yanayotokea hutungwa na wachezaji wenyewe.

Pendekezo linalomjia haraka mpangaji yeyote wa pwani ni kubadilisha majina. Poseidon awe jini la bahari, mizimu ya Kiyunani iwe koma, na hekalu la Delphi liwe Kaya Kinondo, maadam msitu uko karibu na ufuo wa Diani na una utisho unaotakikana. Pendekezo hili halina budi kukataliwa, na si kwa sababu ya adabu pekee. Kaya Kinondo ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni aingiaye humo hufungwa kaniki kiunoni na huongozwa na wenyeji, kwa kuwa mahali hapo pangali na wenyewe. Kusini mwa Mombasa, isitoshe, kuna kumbukumbu nzito zaidi: mwaka 1997, kabla ya mashambulizi ya Likoni ya mwezi wa Agosti, jina la Kaya Bombo lilihusishwa na kiapo walicholishwa vijana waliokwenda kuua. Mtu anayetaka kuwavika vijana nafsi nyingine chini ya miti ya kaya yampasa kukumbuka kwamba jambo hilo lilikwisha kufanywa, wala halikuwa mchezo.

Nguvu ya hekaya ya Kiyunani kwa Kwale inatokana na kinyume cha pendekezo hilo. Zeus na Apollo hawana waumini Msambweni. Hawadai sadaka, hawamwandami mtu nyumbani. Kinyago kisicho na mwenyewe kinaweza kuvaliwa na yeyote. Kikibandikwa jina la jini linaloogopwa hakika, huacha kuwa kinyago. Kuna na suala la imani. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na kumtaka kijana Mwislamu ajifanye mungu ni kumtia katika mashaka ya shirki kwa ajili ya burudani. Hapa ndipo uteuzi wa hekaya unapokuwa tendo la kihakiki. Katika Hippolytus ya Euripides, Aphrodite na Artemis huonekana jukwaani. Katika Ajax ya Sophocles huonekana Athena. Katika Mfalme Edipode hakuna mungu hata mmoja anayeonekana. Apollo husikika kwa habari tu, kupitia vinywa vya watu, nao watu huweza kuamini au kutilia shaka. Mpangaji akiichagua hekaya hii hahitaji kumgawia mtu yeyote uungu.

Mlango wa kuingilia nao uko tayari katika fasihi simulizi. Edipode aliupata ufalme kwa kutegua kitendawili cha Sphinx, kitendawili ambacho Sophocles mwenyewe hakitaji maneno yake. Kila mtoto wa pwani aujua utaratibu: mtegaji hutega, na waliotegewa wakishindwa huambiwa watoe mji, hutaja mji, mtegaji akaupokea na kujisifu kidogo, ndipo ajibu. Wahakiki wamezoea kuiona kanuni hiyo ya mji kama pambo la vitendawili. Ikisomwa pamoja na hekaya ya Thebes inapata uzito mwingine, maana hapo mji hutolewa kweli. Tofauti ni kwamba huku mji huenda kwa mtegaji waliotegewa wanaposhindwa, ilhali Thebes ilikwenda kwa mteguzi. Mshindi aliyepewa mji asioujua, ambao kumbe ni wake kwa kuzaliwa: huo tayari ni mwanzo wa mchezo, na unaweza kuanzishwa kwa neno moja ambalo wachezaji wote watalijibu bila kufundishwa.

Vivyo hivyo, uzoefu wa kucheza bila matini si mgeni katika pwani hii. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo Terence Ranger aliifanyia uchunguzi katika kitabu chake cha 1975, iliwapa wanachama vyeo vya kijeshi na vya kifalme, sare, na wapinzani wa kudumu. Vyeo hivyo viliendelea kutumika kati ya wanachama hata ngoma ilipokwisha. Hata hivyo beni lilikuwa shindano. Kila upande ulicheza ili uushinde mwingine kwa mavazi, kwa karamu na kwa kejeli, na tabia hiyo haifai Thebes. Wapangaji wa Skandinavia wana kanuni ya kucheza kwa nia ya kushindwa: mchezaji humtafutia mhusika wake mlango wa kuangukia. Kijana aliyelelewa katika mashindano ya ngoma, ya mpira na ya tamasha za drama za shule atahitaji kuelezwa mara kadhaa kwamba Edipode anayekwepa kufichuliwa hadi mwisho ameuharibu mchezo.

Kayamba ni suala nyeti zaidi. Katika ngoma za usiku za Wadigo na Waduruma, mganga hupanga ala, nguo, mafusho na mfuatano wa nyimbo, lakini hapangi nani atapanda. Pepo huja wimbo wake unapoguswa, husema kwa lugha yake, hudai, na waliokusanyika hujadiliana naye. Kwa mpangaji wa mchezo hilo ni somo kubwa la ufundi: tayarisha kila kitu isipokuwa matokeo. Lakini kuiita kayamba tamthilia, kama inavyofanywa pengine katika tasnifu zenye shauku ya kuthibitisha kwamba Mwafrika alikuwa na drama kabla ya Mzungu, ni kumwambia mgonjwa kwamba anaigiza. Yafaa mpangaji aazime utaratibu na kuacha nyimbo kwa wenyewe.

Hadi hapa suala limekuwa la ufundi. Kiini kiko katika swali ambalo hekaya yenyewe inauliza. Thebes imepatwa na maafa: mimba zinaharibika, mifugo inakufa, tauni inaua. Jibu kutoka Delphi ni kwamba mhalifu yumo mjini na lazima atafutwe. Nani aliyeuletea mji maafa? Msomaji wa London anaweza kulisikia swali hilo kama la kale. Katika kaunti za Kwale na Kilifi limeulizwa vijijini kwa sauti kubwa katika miaka yetu hii, na mara nyingi jibu limekuwa mzee mwenye mvi. Vyombo vya habari vya Kenya na mashirika ya haki za binadamu yameripoti mara kwa mara wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, aghalabu pakiwa na mgogoro wa shamba nyuma ya tuhuma hizo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na wakoloni, haikuwa ngao kwao. Kuwapa vijana ishirini wa Msambweni kazi ya kumsaka aliyeleta maafa, bila matini, ni kuwapa kazi ambayo baadhi yao wamekwisha kuiona ikifanywa.

Tamthilia ya Sophocles ikisomwa kwa jicho hili inafichua jambo lisilopewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wa dosari na majaaliwa. Mtu wa kwanza kutuhumiwa na Edipode ni mzee. Teiresias, kipofu, anaitwa kuagua, anakataa kusema, akishurutishwa anasema, naye mfalme anamgeukia na kudai kwamba mzee ndiye aliyeshiriki kupanga mauaji ya Laios. Ni kinyume cha mburuga, ambapo mwaguzi hutarajiwa kuigundua shida ambayo mteja hakuitamka. Hapa mwaguzi anajua na kunyamaza, na mteja ndiye anayelazimisha. Baada ya Teiresias anatuhumiwa Kreon, mwenye haki katika utawala. Karibu na mwisho analetwa mzee wa pili, mchungaji wa Laios, naye mfalme anaamuru apindwe mikono ili aseme. Kwa hiyo msako mzima unapita juu ya wazee wawili kabla ya kumrudia msakaji. Ukali wa Sophocles uko katika mwelekeo huo: aliyeukusanya umma ili kumtafuta mkosaji ndiye mkosaji.

Hivyo basi kuna jambo moja ambalo mpangaji hana ruhusa ya kuliacha huru, nalo ni mwelekeo wa tuhuma. Wachezaji wakiachiwa kugundua mhalifu kwa hila na ushahidi, kama katika hadithi za upelelezi, kundi linaweza kuafikiana kwamba ni Teiresias, na mchezo ukaisha kwa furaha kijana aliyevaa umzee akifukuzwa mjini. Dawa si kuficha siri zaidi bali kuiondoa siri. Mwathene alikwenda kutazama akijua tayari Edipode ni nani, kama vile msikilizaji wa ngano anavyojua sungura atafanya nini. Wachezaji wote wajue tangu asubuhi. Anayecheza Edipode ajue pia, na kazi yake iwe kuyakaribia yale anayoyajua huku mhusika wake akiyakimbia.

Patakuwa na wa kupinga kwamba mchezo wenye mwisho unaojulikana si huru tena. Pingamizi hili linachanganya uhuru na mashaka. Msomaji wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) hufungua kitabu akijua kwamba Maji Maji ilishindwa. Kinachomshika ni kumwona mtu akitawaliwa na neno lililotoka kinywani mwake.

Tena kujua kunafungua nafasi ambayo Sophocles hakuiacha. Katika tamthilia yake kifo cha Jocasta na kujitoboa macho kwa Edipode hutokea nyuma ya pazia na kusimuliwa na mjumbe. Lakini amri ya kumpinda mzee mikono hutolewa mbele ya macho ya wote, na katika mkutano huo hakuna anayepinga. Mfalme anahitaji ushahidi wa mchungaji, hivyo wazee wa Thebes wanavumilia. Katika uwanja wa Msambweni ushahidi huo hauhitajiki, kwa kuwa kila aliyesimama pale anajua tayari atakachosema mzee. Amri hiyo na itolewe kama ilivyo, mpangaji akae kimya, na vijana waliozunguka waamue kama kuna mkono utakaonyooshwa kuitekeleza.