Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Tarehe 27 Oktoba 1999, umati mkubwa ulikusanyika mjini Gusau, kaskazini mwa Nigeria, kumsikiliza Gavana Ahmad Sani wa Zamfara akitangaza kurejeshwa kwa sheria ya jinai ya Kiislamu. Baadaye jumla ya majimbo 12 yalifuata njia hiyo. Wapo wanaodai kwamba shangwe zile zilithibitisha imani ya umma kwa mahakama za sharia. Hoja hiyo ina kasoro.

Kushangilia si kuamini. Siku ile mahakama mpya zilikuwa hazijasikiliza hata kesi moja. Watu walichokijua ni polisi wanaodai rushwa, kesi zisizokwisha, na wakubwa wanaokula mali ya umma bila kuguswa. Walikuwa wanaukataa utaratibu wa zamani. Sisi tunaotoka Uganda tunaielewa hasira hiyo: raia aliyechoka na polisi husikia kelele ya "mwizi!" akaokota jiwe. Lakini hakuna anayesema kwamba jiwe lile ni imani katika haki.

Ahadi ilipojaribiwa, Machi 2000, wa kwanza kukatwa mkono Zamfara alikuwa mwizi wa ng'ombe. Hapa sheria yenyewe ina la kueleza. Katika fikihi, wizi wa kukatwa mkono ni kuchukua kwa siri mali iliyohifadhiwa. Afisa anayekula fedha alizokabidhiwa huhesabiwa amefanya hiana, na adhabu yake ni nyingine. Kwa hiyo yule ambaye umati ulitamani kumwona kizimbani hakuwa hatarini kupoteza mkono.

Kipimo bora cha imani ni kesi ya Amina Lawal. Machi 2002, mahakama ya Bakori, jimboni Katsina, ilimhukumu kupigwa mawe kwa zinaa. Mwanamume aliyetajwa aliapa kuwa hahusiki, akaachiwa. Tarehe 25 Septemba 2003, Mahakama ya Rufaa ya Sharia ya Katsina ilimwachilia Amina kwa kura 4 dhidi ya 1. Majaji walisema kukiri kwake hakukuwa halali, hakupewa nafasi ya kutosha kujitetea, na hakimu mmoja alikaa mahali walipotakiwa watatu. Sababu hizo zilitoka ndani ya sharia na taratibu zake.

Wapinzani wa sharia husahau sehemu hiyo ya mwisho; watetezi wake husahau ile ya mwanzo. Amina aliokolewa na mawakili na rufaa, lakini mahakama anayokutana nayo mnyonge kwanza ni ile ya Bakori. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayetaka kujua kama umma unaiamini mahakama, asihesabu waliofurika Gusau. Na amwulize mwanamke maskini wa kijijini: ukishtakiwa kesho, utasikilizwa?