Njia ya kwenda mgongoni: Demian Maia na ufundi wa kabali

Tarehe 27 Agosti 2016, mjini Vancouver, Carlos Condit alipanda ulingoni akijua fika atakachofanyiwa. Mmarekani huyo, aliyewahi kushika mkanda wa muda wa uzani wa welta wa UFC, ligi ya mapambano mseto (MMA), alikuwa hatari kwa ngumi, teke na kiwiko. Mbele yake alisimama Demian Maia, Mbrazili wa miaka 38 ambaye mpango wake haukuwa siri kwa yeyote: kukamata mguu, kuangusha, kupanda mgongoni, kupiga kabali. Dakika 1 na sekunde 52 baada ya pambano kuanza, Condit alisalimu amri, na kilichommaliza ni kabali ileile iliyotabiriwa.

Haukupita mwaka mzima. Tarehe 29 Julai 2017 Maia alimkabili bingwa Tyron Woodley kwa raundi 5, akiwa na mpango uleule. Alijaribu kumwangusha zaidi ya mara 20 na hakufanikiwa hata mara moja. Ukiyaweka mapambano hayo mawili pamoja, unaona thamani ya mtaalamu wa fani moja inakaa wapi. Kabali ya Maia ilikuwa bora siku zote mbili. Kilichotofautiana ni njia ya kuifikia.

Maia alizaliwa São Paulo mwaka 1977. Alianza jiu-jitsu ya Kibrazili akiwa na miaka 19, umri ambao wengi wangesema amechelewa, na kabla ya miaka 5 kutimia alikuwa amefungwa mkanda mweusi. Mwaka 2007 akatwaa ubingwa wa ADCC chini ya kilo 88. Mashindano hayo yalianzia Abu Dhabi mwaka 1998, na kwa watu wa mapambano ya kukaba na kukunja viungo hakuna kipimo cha juu zaidi. Oktoba ya mwaka huohuo alipigana kwa mara ya kwanza UFC, na mapambano yake 5 ya mwanzo huko yote aliyamaliza kwa kabali.

La tano lilikuwa London, Februari 2009, dhidi ya Chael Sonnen, mwanamieleka ambaye kazi yake ilikuwa kuangusha wenzake. Walipokuwa wamekumbatiana wima, Maia alimzungusha kando na kwenda naye chini, akatua juu yake amemkalia kifuani. Sonnen hakupata nafasi ya kupumua. Miguu ya Maia ikapanda shingoni, ikafunga pembetatu iliyobana shingo pamoja na mkono mmoja wa Sonnen mwenyewe, na kazi ikaisha katika raundi ya kwanza.

Kisha likaja somo la kwanza. Agosti 2009 Nate Marquardt alimpiga ngumi moja ya mkono wa kulia, na pambano likakoma kwenye sekunde ya 21. Miezi 8 baadaye, Abu Dhabi, Maia aligombea mkanda wa uzani wa kati mbele ya Anderson Silva, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 5 ambazo kwa sehemu kubwa alipigana wima. Miaka iliyofuata alitumia muda mwingi akijijenga katika ngumi. Alishinda baadhi, akashindwa na Mark Muñoz mwaka 2011 na Chris Weidman mwanzoni mwa 2012. Ngumi zake zilikuwa zimeboreka kweli, lakini zilimweka mahali ambapo wapinzani wake walikuwa bora kuliko yeye. Bingwa wa dunia wa sakafuni alikuwa akitumia dakika zake nyingi akiwa wima.

Katikati ya 2012 alishuka kutoka kilo 84 hadi kilo 77, na hapo ndipo alipoanza upya kama fundi. Oktoba mwaka huo, Rio de Janeiro, alimkaba Rick Story usoni na shingoni kwa nguvu kiasi kwamba damu ilimtoka Story puani kabla hajasalimu amri. Februari 2013 alimpanda mgongoni Jon Fitch, mtu aliyejulikana kwa kuwalalia wenzake, na majaji wote watatu wakampa Maia raundi zote tatu. Alikuja kupoteza mawili, kwa Jake Shields na Rory MacDonald, lakini kuanzia Mei 2014 hadi Mei 2017 alishinda mapambano 7 mfululizo.

Alifanyaje? Tuanze na tatizo lenyewe. Katika mashindano ya jiu-jitsu mchezaji anaweza kukaa chini kwa hiari yake na mpinzani akamfuata, na hakuna anayepigwa ngumi. Ulingo wa UFC ni tofauti. Kila raundi huanzia wima, kwa hiyo hata ukimtesa mtu chini kwa dakika 5, raundi ikiisha mnasimama na unaanza kuitafuta sakafu upya. Hakuna kanzu ya kushika, jasho linateleza, na uzio wa waya humpa anayeangushwa mahali pa kuegemea ili ainuke. Mtaalamu wa chini anadaiwa nauli ya kufika chini katika kila raundi.

Maia aliilipa kwa mguu mmoja. Akisimama kama mpiganaji wa mkono wa kushoto, alirusha ngumi moja au mbili, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya mpinzani ainue mikono au arudi nyuma kuelekea uzio. Hapo akazama chini na kuukumbatia mguu mmoja. Mpinzani akianguka, vizuri. Akitupa miguu nyuma na kumlalia kwa uzito wake, ulinzi ambao kila mwanamieleka hufundishwa, Maia hakung'ang'ana kusukuma. Alijilaza ubavu kwa makusudi, akaunasa mguu uleule katikati ya miguu yake, akajipenyeza chini ya nyonga za mpinzani na kuibukia upande wa pili, mguu bado mikononi. Mpinzani alidhani ameshazuia shambulio, kumbe lilikuwa limeingia hatua ya pili. Kwa wengine kuzuiwa ni mwisho wa jaribio. Maia alikuwa ameshajua pa kwenda akizuiwa.

Akishafika juu hakuwa na haraka ya kupiga. Alibana kifua kwa kifua na kusogeza goti taratibu mpaka amkalie mpinzani. Aliye chini hapo ana machaguo mawili mabaya: abaki chali chini ya ngumi, au ageuke atafute kusimama. Akigeuka, ametoa mgongo, na hicho ndicho Maia alichokuwa akikingojea.

Mgongoni, miguu ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Maia alipitisha mguu mmoja tumboni kwa mpinzani na kuufunga kifundo chake nyuma ya goti la mguu wa pili, pembetatu inayobana mbavu kila mpinzani anapotoa pumzi. Kwa kuwa miguu ilitosha kumshikilia, mikono yote miwili ilibaki huru kupigania shingo. Mkono mmoja hupita chini ya kidevu, wa pili hufunga nyuma ya kichwa. Kabali ikikaa sawa hubana mishipa miwili mikubwa ya damu kandokando ya shingo, na asiyesalimu amri huzirai ndani ya sekunde chache. Kutumia nguvu za kuminya koo hakuhitajiki.

Pambano la Mei 2017 na Jorge Masvidal linaonyesha mipaka ya hatua hii ya mwisho. Maia alikaa mgongoni kwa dakika nyingi, lakini Masvidal alivishika viganja vya Maia visifunge, na kabali haikupatikana. Hata hivyo Maia alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwa sababu aliyebebeshwa mtu mgongoni hapigi wala hashambulii.

Woodley aliikata njia mapema zaidi, mlangoni kabisa. Hakusogea mbele bila sababu, alilinda nyonga zake, na mguu ulipokamatwa aliuchomoa na kurudi nyuma badala ya kumlalia Maia. Bila uzito wa kulaliwa, ile hatua ya pili ya kupenya chini haikuwa na pa kuanzia. Colby Covington na Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria aliyekuja kuwa bingwa, walimshinda Maia kwa kukataa sakafu kwa namna zao. Lakini kwa waliokubali kugusana naye chini, hesabu haikubadilika: Oktoba 2019, Singapore, akiwa na miaka 41, alimkaba Ben Askren, mwanamieleka wa Olimpiki, katika raundi ya tatu. Hadi mwisho wa 2021 alikuwa na ushindi 28 na vipigo 11 katika kazi yake yote, bila mkanda wa UFC.

Kwa kijana wa judo wa Burundi, awe wa Bujumbura au Gitega, au wa Butihinda anayetazama mapambano haya kwenye simu, rekodi hiyo ina funzo la vitendo. Judo na jiu-jitsu ya Kibrazili ni ndugu wa damu. Mjapani Mitsuyo Maeda alifika Brazil mwaka 1914 na judo yake, na familia ya Gracie ikajenga juu yake. Lakini sheria za judo za tangu 2010, zilizokazwa zaidi mwaka 2013, zinakataza kushika miguu, na refa huwainua wachezaji haraka kazi ya chini inapokwama. Maana yake, judoka anaingia MMA na kabali nzuri na mtupo mzuri, huku akikosa kipande kilichombeba Maia: mguu mmoja, na jibu la kile kinachofuata mguu ukizuiwa. Kocha anayetaka kumwandaa mchezaji wa aina hiyo aanzie hapo. Ampe njia mbili za kufika chini na moja ya kuendelea anapozuiwa, azirudie mpaka zifanyike katika uchovu wa raundi ya tatu, kabla ya kumwongezea kabali mpya hata moja.