Ngome ya Lord Egerton: tusisome hadisi ya mapenzi tu

Wandugu, kila mwenye kuweka picha za ngome ya Njoro, karibu na Nakuru kule Kenya, anatupatia hadisi moja: mwanamke alimkataa Lord Maurice Egerton, njo akajenga jumba la vyumba 52. Jengo ni zuri kweli, siwezi kubisha: mawe ya kuchonga, mbao ukutani, ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa. Kazi ilianza 1938, vita ikaichelewesha, ikaisha 1954.

Lakini mimi kama agronomu naona hadisi hiyo inaficha kitu. Mwaka 1939, ujenzi ukiendelea, bwana huyo alianzisha shule ya kilimo kwa vijana wazungu. Waafrika walikuwa wanalima mashamba ya wazungu, lakini darasani hapana. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote nyuma sana. Leo shule hiyo ni Egerton University, na ngome iko mikononi mwake.

Hata hapa Kindu tunapenda kupiga picha mbele ya nyumba za wakoloni. Sawa, tupige. Ila tuulize pia: nani alibeba mawe, na nani alikatazwa kuingia?