Mgombea, Mwombaji na Msailiwa: Uhakiki wa Tangazo la Kazi Lililobandikwa Mwese

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki kamusi, vitabu vya kiada na orodha za istilahi. Safari hii tunamwomba msomaji aturuhusu kuhakiki karatasi moja tu, tena isiyo na jina la mtungaji: tangazo la kazi tulilolikuta limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji huko Mwese, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Lilitolewa na kampuni ya umeme wa jua, ambayo hatutaitaja, maana makosa yaliyomo si yake peke yake. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, habari za umeme zimefika hata katika vijiji ambavyo zamani vilijua kibatari tu, na pamoja na umeme zimefika ajira zake. Lakini lugha ya kuajiri, kwa maoni yetu, imebaki nyuma ya nguzo na nyaya.

Tangazo lilikuwa na sehemu mbili, ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini, na ilionekana wazi kwamba ya chini ilifuata ya juu neno kwa neno. Neno la kwanza lililotushtua ni “mgombea”. Tangazo lilisema kuwa “mgombea bora” atakuwa na shauku ya nishati ya kijani. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma nasi aliuliza, bila mzaha, kama uchaguzi mdogo umeitishwa. Hakukosea. Kiingereza kina neno moja kwa anayetafuta kura, anayefanya mtihani na anayetafuta kazi; Kiswahili kina mgombea, mtahiniwa na mwombaji, na kila moja lina mahali pake. Huu ni utajiri, na ajabu ni kwamba mfasiri aliutupa akaenda kukopa umaskini.

Tena Kiswahili hakikuishia hapo. Mwombaji akiitwa kuulizwa maswali huwa msailiwa. Kitendo chenyewe ni usaili, na wanaouliza ni wasaili. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imetumia maneno hayo katika matangazo yake kwa miaka mingi, hata “kuitwa kwenye usaili” ni usemi ambao kila kijana aliyemaliza chuo anaujua. Tangazo la Mwese lilichagua “mahojiano”. Hatusemi kwamba mahojiano si Kiswahili: redioni ni neno zuri sana. Lakini Mwese ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda katika miaka ya 1960, na wajukuu wao wapo. Mahali kama hapo kuhojiwa ni jambo la askari na la afisa uhamiaji. Mtu anayetaka kufunga paneli hapaswi kuhisi kwamba anakwenda kujitetea.

Juu ya “fundi wa shamba” hatutasema mengi. Aliyekusudiwa ni fundi anayezunguka vijijini kufunga na kutengeneza mitambo, wala si mkulima; na “shamba la jua” lililotajwa mstari wa pili ni kituo cha kuzalisha umeme. Kwa watu wanaoishi kwa mahindi na maharage, maneno hayo mawili yaliifanya kazi ionekane kuwa ya jembe, na wako waliopita bila kusoma zaidi. “Nishati ya kijani” nayo haina maana kwa asiyejua siasa za rangi hiyo huko Ulaya. Tunayo nishati jadidifu, kutokana na jadidi, yaani kufanya upya. Neno gumu kidogo sikioni, lakini lenye maana. Wanaopendelea “nishati mbadala” tunawakumbusha kuwa mbadala wa kuni waweza kuwa mafuta ya taa, ambayo hayajijadidi hata kidogo.

Sasa tuingie katika sentensi iliyotufanya tuandike makala haya. Mwisho wa tangazo paliandikwa: “Ni wagombea walioorodheshwa kwa ufupi tu watakaowasiliana.” Msomaji anayejua Kiingereza atabaini upesi kilichokusudiwa: kampuni itawapasha habari wale tu iliowachuja. Lakini Kiswahili kilichoandikwa hakisemi hivyo. Kuwasiliana ni kitenzi cha kutendana, na mtenda katika sentensi ile ni mwombaji. Kijana mmoja wa pale, mwenye cheti cha ufundi wa umeme, aliielewa kama ilivyoandikwa. Kwa kuwa alikuwa ameandika maombi mafupi, alijiona yumo miongoni mwa “walioorodheshwa kwa ufupi”, basi akawasiliana. Alipiga simu, haikupokelewa. Akauza debe kadhaa za mahindi kabla bei haijapanda, akapanda gari kwenda Mpanda mjini kuitafuta ofisi. Alimkuta mlinzi. Mlinzi alimwambia kwamba watu walikwisha kuchukuliwa.

Twaweza kusahihisha sarufi kwa urahisi: “Watakaoitwa kwenye usaili ndio watakaojulishwa.” Hata hivyo sentensi hiyo iliyonyooka bado ina kasoro isiyo ya sarufi. Inamwambia mwombaji kwamba ukimya ndio jibu, bila kumwambia ukimya huo utakuwa wa siku ngapi ndipo ahesabu kuwa amekosa. Kwetu mtu akipiga hodi hujibiwa, hata kama jibu ni “hapa hapana nafasi”. Matangazo ya utumishi wa umma ya kuitwa kazini huorodhesha majina, kisha huwaeleza wasiojiona humo watambue kuwa hawakupata, nao wasisite kuomba tena. Ni jibu kavu, lakini ni jibu. Mtu analisoma, anakunja karatasi yake, anaendelea na maisha. Tunashangaa kwamba sekta inayojisifu kwa upya ndiyo iliyochukua desturi hii ya kutojibu bila kuihoji.

Kuna neno jingine ambalo laweza kumgharimu mwombaji zaidi ya nauli. Fomu iliyoambatishwa na tangazo ilitaka ijazwe “eneo la uajiri”, na chini yake mkono fulani ulikwisha kuandika jina la mahali mradi ulipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inataka mwajiriwa apewe kwa maandishi mambo kadhaa, na miongoni mwake mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi yametajwa mbalimbali. Hiyo si bahati mbaya. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri, mkataba unapokwisha mahali pengine, amsafirishe mwajiriwa na vitu vyake hadi mahali alipoajiriwa au amlipe gharama zake. Kijana wa Mwese akichukuliwa kwenda kwenye mradi wa umeme wa jua wa Kishapu, Shinyanga, ambao awamu yake ya kwanza ni ya megawati 50, au kwenye maporomoko ya Mto Malagarasi mkoani Kigoma, kisha fomu ikaonyesha aliajiriwa hukohuko, atarudi kwao kwa nauli yake mwenyewe. “Eneo la uajiri” ni maneno yanayoweza kumaanisha mahali popote, na kwa hiyo yanamnufaisha anayeshika kalamu. Kifungu hicho cha 15 kinadai pia kwamba mwajiriwa asiyeelewa maandishi aelezwe kwa namna anayoielewa. Tafsiri kama hii haiwezi kuhesabiwa kuwa maelezo.

Tutaambiwa kwamba mambo haya ni mapya na wanakijiji hawawezi kuelewa istilahi zake. La hasha. Vijiji kadhaa vya wilaya hiyohiyo vinavyohifadhi misitu ya Ntakata hupata fedha kutokana na biashara ya hewa ukaa, na neno “hewa ukaa” hutajwa huko hadharani bila kamusi. Biashara yenyewe si nyepesi kuliko umeme wa jua. Tofauti, tunavyoona, ni kwamba hewa ukaa ilijadiliwa mikutanoni kwa Kiswahili, watu wakauliza, wakajibiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati ya istilahi kwamba mwombaji, msailiwa na mwajiriwa yashikiliwe kama hatua tatu. Kwamba “orodha fupi” iachwe, patumike “orodha ya watakaosailiwa”. Na kwamba “mahali alipoajiriwa” paandikwe kwa ukamilifu wake, hata kama ni parefu kwa fomu. Juu ya barua ya kumjulisha aliyekosa hatujaafikiana sisi wenyewe. Baadhi yetu wanataka “barua ya kukataliwa”. Wengine wanaliona neno hilo kuwa la ukatili, wakasema “taarifa ya matokeo ya maombi” yatosha. Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa waliowahi kuingojea barua hiyo.