Chama cha wezi si genge: Michezo ya kompyuta nayo inastahili uhakiki

Majuzi mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo ambalo mimi nilikuwa mmoja wao. Alitaka kuhakiki vyama vya wezi katika michezo ya kompyuta ya kifantasia, ile ambayo mchezaji huvaa uhusika na kuishi katika ulimwengu wa kubuni. Mwenzangu mmoja akamuuliza, "Hii nayo ni fasihi?" Kicheko kikazuka. Nakiri kwamba nami nilicheka. Pendekezo likarudishwa.

Usiku ule nilijiona mnafiki. Kwa miaka mingi nimefundisha, katika somo la fasihi linganishi, hadithi ya Cervantes ya mwaka wa 1613 kuhusu Rinconete na Cortadillo. Vijana wawili wanafika Seville wakidhani mtu anaweza kujiibia tu. Wanaambiwa la, sharti wajisajili kwanza kwa Monipodio. Huyu ana daftari la kazi zilizoagizwa na bei zake, askari rafiki anayelindwa kwa shukrani, na wezi wacha Mungu wanaotoa sehemu ya walichoiba kununulia taa ya sanamu takatifu mafuta. Hata lugha wana yao, na vijana wale hulazimika kuuliza maana ya kila neno. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama hiyo ni fasihi.

Basi nikampigia kijana simu: "Njoo na kompyuta yako unionyeshe." Akanijibu, "Prof, unanitania?" Sikuwa natania. Tulikaa jioni nne.

Tulianza na Oblivion, mchezo uliotoka mwaka wa 2006. Unakutana na wakala wa chama usiku wa manane katika mtaa wa mabanda kando ya maji, nje ya kuta za mji mkuu. Masharti ni matatu: usimwibie mwanachama mwenzako, usiue mtu kazini, usimwibie maskini. Ombaomba ndio macho na masikio ya chama. Kazi mojawapo ya mwanzo ni kumwibia ofisa aliyewatoza kodi wakazi wa mabanda hayo, ili pesa zirudi kwao. Mkuu wa chama, Gray Fox, huvaa barakoa yenye laana: aivaaye husahaulika na watu wote, hata mkewe hamtambui. Hapo niliacha kuandika madondoo, nikawa natazama tu. Mtu anapata uwezo wote wa kuiba na kinachoibwa kwanza ni jina lake mwenyewe. Waandishi wetu wangapi wamebuni taswira nzito kama hiyo?

Ila isitoshe tukasifu tu. Ukivunja sharti unatimuliwa, kisha unalipa faini na kurejea, kana kwamba damu ya mtu ni deni la dukani. Hapo mchezo unajisaliti.

Skyrim, wa mwaka wa 2011, ni mgumu zaidi kuupenda, nami nauona mkweli zaidi. Kijana hakukubaliana nami hata kidogo. Katika mji wa Riften, kazi ya kwanza unayopewa ni kuiba pete ya mchuuzi mmoja na kumtilia mchuuzi mwingine mfukoni ili afungwe. Ya pili ni kuzungukia wafanyabiashara watatu na kuwatisha hadi walipe. Nyuma ya chama yuko tajiri wa kiwanda cha pombe, Maven Black-Briar, ambaye hakuna anayethubutu kumgusa. Yeyote aliyewahi kuuza mitumba sokoni anamjua mtozaji wa aina hiyo, na anajua pia kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye gari kubwa. Kosa la Skyrim ni kwamba baada ya kufungua kidonda hiki, hadithi inakimbilia kwa mungu wa giza, Nocturnal, na ufunguo wake ulioibwa. Wale wachuuzi wanasahaulika kabisa.

Sasa nije kwenye lugha. Mwanafunzi alitumia "genge la wezi" kote. Nilimpinga. Genge ni kundi tu chini ya mbabe wake. Hiki kina masharti, vyeo, ada na kikao. Mwanachama anaweza kushtakiwa ndani yake. Hicho ni chama, kwa maana ileile wanayoijua akina mama wanaochangiana kila mwisho wa mwezi. Kijana alihofia kwamba neno hilo litawachafua akina mama hao. Nikamwambia kwamba hapo ndipo penye uchungu wa utanzu huu wote: wezi wanaazima sura ya watu waaminifu. Ukiandika "genge", kejeli yote ya Cervantes inakufa, na ya Oblivion pia.

Aliyeuza mali ya wizi kwa niaba ya chama tulishindwa kumpatia neno moja. "Mnunuzi wa vya wizi" linaeleweka, lakini ni refu na halina ladha ya mtaani. Mwenye neno zuri aniandikie.

Pendekezo litarudi mbele ya jopo mwezi ujao, likiwa na sura nzima kuhusu Monipodio. Swali la kwanza litakuwa langu, na litahusu wale wachuuzi wa Riften.